Karatasi Moja Sandukuni

Bawshar, Muscat
20 Novemba 1999

Ndugu yangu Khalil,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya mkeo Mahfoudha, na juu ya binti yetu Sabah ambaye mpaka leo namjua kwa picha mbili tu. Sisi hatujambo. Miguu ya Baba inamuuma asubuhi, ikifika adhuhuri anasahau kuwa ilimuuma. Mie bado nipo wizarani Al Khuwair, meza ile ile, dirisha lile lile linalotazama barabara kuu. Barua yako ya Septemba ilifika tarehe 9 mwezi huu. Nimeiandika tarehe hiyo kwenye daftari langu la siku, maana nikisema posta inachelewa watu hudhani nazidisha.

Umeuliza kwa nini sikupigii simu. Simu iko sebuleni, na sebuleni yupo Baba. Unajua mwenyewe alivyokwambia uwanja wa ndege siku ulipokuwa unarudi Unguja: "Mie nilikutoa kule nimekubeba, weye unarudi kwa miguu yako." Miaka mitatu hii hajayarudia maneno hayo, lakini hajayafuta pia. Jina lako halitajwi. Mgeni akilitaja, Baba hunyanyuka akaenda bandani kumtazama Noof.

Na Noof ndiye khabari yangu khasa. Yule farasi jike uliyempa jina weye amefika miaka kumi, na Baba anataka akimbie mara moja tena kisha apumzike. Klabu yetu ya njia ya Barka imeleta mbio mpya, watu wanaziita mbio za sanduku. Wamezichukua kwenye kijitabu cha nchi nyengine na kukifasiri kama kilivyo. Nakunukulia kanuni yenyewe, kwa vile unapenda mambo haya:

"Kila farasi wa mbio hizi ana bei iliyotangazwa. Anayemtaka ataandika karatasi na kuitia sandukuni kabla farasi hawajatoka. Milango ya kuanzia ikifunguka, farasi ni wa aliyeandika, ashinde au ashindwe, awe mzima, ameumia au amekufa. Zawadi ya mbio ni ya mwenyewe wa zamani."

Noof atakimbia Ijumaa ya 21 Januari, baada ya Idi. Bei aliyowekewa na Baba ni ndogo mpaka inatia haya.

Nibusie Sabah.

Dada yako,
Kheiria


Malindi, Unguja
8 Disemba 1999

Dada Kheiria,

Nakuamkia, na kupitia kwako namuamkia Baba, hata kama salamu hii itaishia mkononi mwako. Kesho au keshokutwa tunafunga. Hapa nyumbani wazima. Duka la vipuri linakwenda, maana magari mabovu hayaishi Unguja. Sabah ameota meno mawili na anamng'ata kila anayemkaribia. Mahfoudha anasema hiyo ni damu ya babu yake Msellem.

Nimeisoma kanuni uliyoninukulia, nikaisoma tena. Nna maswali matatu. Anayeandika karatasi lazima awepo mwenyewe? Jina lake hutangazwa? Na la tatu, Baba ana shida gani hata amtie Noof katika mbio za kuuzwa, tena kwa bei hiyo? Kama kuna jambo nyumbani, dada, niambie. Nauliza tu.

Ndugu yako,
Khalil


Bawshar
28 Disemba 1999

Ndugu yangu Khalil,

Ramadhani hii imekuwa nyepesi kwa baridi. Tunafuturu watatu, Baba, mie na Bibi Mahbuba wa nyumba ya pili. Baba hali tende yake mpaka aambiwe kuwa Noof ameshapewa majani. Bibi Mahbuba kamwambia, "Msellem, huyo farasi naye kafunga?" Baba akamjibu, "Angekuwa anaweza, angefunga vizuri kuliko weye."

Maswali yako nayajibu kwa kufuata kijitabu. Mwenyewe si lazima awepo, anaweza kumtuma mwanachama amwandikie. Jina analijua katibu peke yake mpaka mwenyewe atake litajwe. La tatu, Baba hana shida yoyote, alhamdulillahi. Nyumba imetulia.

Hatem, mliyesoma pamoja, anakusalimu. Kanenepa, bado ni mwanachama, na bado anasema kwa sauti ya chini kama mtu aliyemo maktaba.

Wako,
Kheiria


Bawshar
25 Januari 2000

Ndugu yangu Khalil,

Idi ilikuwa njema, tunamshukuru Mungu. Natumai na kwenu. Nguo ya Sabah niliyomshonea nimempa mtu anayesafiri. Ikimbana mwambie Mahfoudha aifumue pembeni, nimeacha nafasi.

Sasa nitakuandikia ya Ijumaa, kwa utaratibu, ili nisiyaandike mara ya pili.

Farasi walikuwa wanane. Noof alitoka vizuri. Kona ya kwanza alikuwa wa nne, katikati ya uwanja akawa wa pili, na Baba, ambaye siku zote hukaa, alikuwa amesimama. Kwenye kona ya mwisho mguu wa mbele ukavunjika. Sikuusikia, lakini niliona kichwa kikishuka. Zahor, mpanda farasi wake, alirushwa akavunjika mtulinga, hajambo. Noof alijaribu kunyanyuka akawafuate wenzake.

Baba alivuka uzio. Miguu ile inayomuuma asubuhi, akavuka uzio. Alikaa mchangani akakiweka kichwa cha Noof mapajani. Daktari wa mifugo, yule Msudani, alitazama mara moja tu.

"Mzee, niruhusu nimpumzishe."

Baba akamwambia, "Mpumzishe. Usimcheleweshe."

Hapo alikuja katibu, Thabit. Wakati farasi wanakimbia alikuwa amelifungua sanduku kama desturi, huku akizungumza na watu. Nilimwona mimi mwenyewe: alitia mkono, akanyamaza. Sasa alikuja na karatasi, imekunjwa mara nne.

"Ami Msellem, nisamehe. Farasi si wako."

"Thabit, huu si wakati wa mzaha."

"Si mzaha, ami. Milango ilipofunguka alikuwa ameshakuwa wa mwengine. Daktari hawezi kufanya kitu mpaka mwenyewe aseme."

"Mwenyewe nani?"

Thabit akamtazama Hatem. Hatem ndiye aliyeandika kwa kutumwa, na alisema kuwa aliyemtuma hayupo Muscat, akenda ofisini kupiga simu. Simu haikushika upesi. Sisi tulikaa mchangani na Noof anatetemeka. Wanaume walivua makoti yao wakamfunika. Baba alikuwa anamfukuzia nzi machoni kwa ncha ya kilemba.

Hatem aliporudi hakumtazama Baba. Alisema, "Mwenyewe hataki auliwe. Anasema atibiwe, kwa gharama yoyote."

Wakamvuta juu ya turubai. Baba alitaka kufuata nyuma, Thabit akamshika mkono na kumwambia kuwa kanuni haimruhusu mwenyewe wa zamani kuingia bandani. Unamjua Thabit, huwa analia upesi. Alikuwa analia.

Sijui ni nani aliyetutendea haya. Ukiwa bado unaandikiana na Hatem, muulize. Kwangu hasemi.

Kheiria


Malindi, Unguja
10 Februari 2000

Dada Kheiria,

Nguo imefika, haikumbana. Mahfoudha anashukuru. Mimi nna homa kidogo, si ya kutia wasiwasi. Mvua zimewahi mwaka huu.

Nimehuzunika kwa khabari za Noof. Lakini huenda huyo mwenyewe hana nia mbaya, dada. Huenda anampenda. Siku hizi wapo farasi wanaotibiwa wakasimama tena. Si wa mbio, lakini wa kukaa nyumbani. Kwa mguu wa kushoto uliovunjika pale chini, na yeye ametundikwa kwa turubai asiukanyage, Mungu akipenda baada ya miezi miwili mitatu utashika. Halafu nani ajuaye, mtu huyo anaweza hata kumrudishia Baba. Mwambie Baba asubiri.

Hatem sijazungumza naye siku nyingi.

Khalil


Bawshar
27 Februari 2000

Khalil,

Sisi wazima. Pole kwa homa.

Kila siku baada ya Alasiri Baba anatoa gari lake la zamani, anakwenda mpaka Barka njia nzima kwa upande wa kulia, taratibu, malori yanampigia honi. Anasimama nje ya uzio wa mabanda. Mlinzi, Mbaluchi mmoja muungwana, alimletea kiti. Baba alikikataa. "Kiti hupewa mgeni," alisema. Anapiga ulimi kama alivyokuwa akimwita zamani, na Noof, kule ndani alikotundikwa, anageuza kichwa. Basi. Ikikaribia Magharibi anarudi. Amekonda. Nimemwambia akae nyumbani, ameniambia kuwa yuko nyumbani.

Juzi nilikwenda naye. Nilimuuliza daktari. Aliniambia ukweli kwa huruma: mguu uliovunjika unaweza ukashika, lakini ule mzima umebeba uzito peke yake siku zote hizi, na kwato imeanza kuachana na nyama. "Uliovunjika hautamuua," alisema. "Utamuua huu mzima. Na si leo wala kesho. Nimemwambia Hatem amwambie mwenyewe. Sijapata jibu."

Tulipokuwa tunarudi Baba alisema, "Mwenye farasi ana mapenzi. Lakini ni mapenzi ya mtu asiyekuja kuangalia."

Sasa nikwambie jambo ambalo nilipaswa kukwambia Novemba, na sikukwambia kwa sababu hapa kila mtu analijua. Klabuni petu hakuna aliyewahi kutia karatasi kwa farasi wa mwenzake. Sanduku lile lilikuwa likifunguliwa tupu kila mara, watu wanacheka, wanakwenda kunywa kahawa. Kumwandikia mtu farasi wake mbele ya watu ni sawa na kumposa mkewe angali nyumbani kwake. Farasi wazee hutiwa mbio hizo kwa sababu hushindana na wazee wenzao, na bei huwekwa ndogo kwa kuwa hakuna anayeuza. Baba hakuwa anamuuza Noof. Baba alikuwa anamuaga.

Weye uliondoka kabla sanduku halijaletwa. Nilikujibu maswali yako kwa kijitabu, neno kwa neno, kama niko kazini. Sikufikiri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikukuandikia kuwa ni mguu wa kushoto. Niliandika wa mbele, nikaishia hapo, kwa kuwa siku ile sikuwa na moyo wa kuukumbuka ni upi. Wala sikukuandikia kuwa ametundikwa.

Usinijibu mie. Sitaki kuambiwa kitu. Nambari ya Hatem unayo.

Kheiria


Malindi, Unguja
24 Machi 2000

Dada,

Nilikuwa Pemba kwa ajili ya Idi ya Hija, kwa wazee wa Mahfoudha. Barua yako ilikaa dukani juu ya betri kuukuu. Nimeiona leo asubuhi. Nimempigia Hatem mara ile ile, kabla sijakaa.

Sabah sasa anatembea. Anashika ukuta, kisha anauacha.

Nilikuwa nimeshamwambia Hatem asimamie kila kitu: siku ya pili ya mbio, alfajiri, amfunge bandani kwa Baba, na shingoni amtie ule mshipi wangu mwekundu niliomwachia. Baba angetoka msikitini angemkuta. Angeuona mshipi angejua. Nisingehitaji kusema.

Ningelijua ile desturi yenu ya sanduku tupu, dada. Lakini Ijumaa ile Hatem aliponipigia aliniambia kuwa daktari anataka kumuua, na mimi nikaona kuwa neno la kwanza nitakalompelekea Baba baada ya miaka mitatu ni hilo. Sikuweza kulisema. Nikasema lile jengine.

Baba asijue. Nakuomba.

Khalil


Bawshar
20 Aprili 2000

Ndugu yangu Khalil,

Sabah Mungu amkuze. Bibi Mahbuba anasema mtoto anayeacha ukuta mapema atakuja kuwa mkaidi. Nimemwambia kuwa kwetu hilo halihitaji dalili.

Noof alipumzishwa jioni ya 24 Machi. Hatem aliomba ruhusa yako Baba aingie, na nimeambiwa uliitoa kabla hajamaliza kuomba. Ahsante kwa hilo. Baba aliingia, akasema Bismillahi, akamshika sikio. Alikuwa amebaki mifupa, Khalil. Farasi yule aliyekuwa aking'aa kama shaba. Daktari alifanya kazi yake, na haikuchukua muda. Amezikwa nyuma ya uwanja, upande wa kusini, ambako upepo unafukia kila kitu kwa mchanga. Sasa hivi ukienda hutapajua. Mshipi mwekundu Hatem aliutoa akampa Baba. Baba aliukunja akautia mfukoni, hakuuliza ni wa nani.

Alkhamisi iliyopita klabu ilifanya mkutano kuhusu ile kanuni. Baba ndiye aliyeuomba. Hakuwahi kusema mbele ya watu tangu nimjue, lakini siku ile alisimama, kofia kaishika mkononi, akasema: "Farasi akianguka mbioni, akifa au akiumia hata asiweze kutoka uwanjani kwa miguu yake, karatasi ivunjike. Abaki kwa yule anayemjua. Basi mtu huyo aweze kusema neno la mwisho hapo hapo, farasi asingoje simu." Walikubali wote. Kanuni imebadilishwa, na sanduku, nadhani, halitatolewa tena kabatini.

Thabit akataka kumfurahisha. Akasema, "Ami Msellem, tunaweza kuihesabu kanuni hii tangu Januari. Tutaivunja ile karatasi, na katika vitabu vya klabu Noof atarudi kuwa wako."

Baba alisema, "La. Noof amekufa na mwenyewe. Mwacheni na mwenyewe."

Tuliingia garini, tukapita mzunguko wa Seeb. Kisha akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema:

"Klabu nzima ile hakuna mtu wa kunitilia mie karatasi. Hakuna. Na farasi wa miaka kumi hanunuliwi na mfanyabiashara. Nilijua mchangani pale pale, Hatem aliposhindwa kunitazama. Mtu mmoja tu duniani angemtaka Noof."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini alikuwa anasimama kule uzioni kila siku.

"Nilikuwa nangoja yeye aseme."

"Alimpigia Hatem, Baba. Alimwambia ampumzishe."

"Hatem," alisema.

Uliniomba Baba asijue. Unaona mwenyewe kuwa hilo halikuwa mkononi mwangu.

Kitu cha mwisho. Simu bado iko sebuleni, lakini Baba ameivuta karibu na kiti chake, waya umenyooka mpaka mtu anaruka akipita. Haendi tena kokote Alasiri. Ikilia anainyanyua yeye, hangoji mtu. Mara nyingi ni wenzangu wa kazini. Huwajibu vizuri, kisha hunipa.

Kheiria


Malindi, Unguja
2 Juni 2000

Dada,

Sikuandika mwezi mzima, nisamehe. Sabah alikuwa na surua, sasa amepona.

Leo baada ya Ijumaa nilikwenda nyumba ya simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayasema mpaka kwa sauti, mtu mmoja akageuka kunitazama. Ikalia mara moja tu, ikanyanyuliwa. Akasema, "Naam."

Sauti yake imekuwa ndogo. Hukuniambia kuwa sauti yake imekuwa ndogo.

Akasema tena, "Naam, nani?"

Nikasimama na ile simu, maneno yote yameniondoka. Nilidhani ataweka chini, na hakuweka. Mimi ndiye niliyeweka.

Usimwambie kuwa nilikuwa mimi.

Khalil


Bawshar
3 Juni 2000

Khalil,

Sijui kama barua hii itapishana na yako njiani. Sikungojea zamu, nakuandikia asubuhi hii kabla ya kwenda kazini, bila ya kukuuliza hali, utanisamehe.

Jana baada ya swala simu ililia. Baba akaipokea. Aliita mara mbili na hakujibiwa. Nilikuwa naandaa chakula, nikamwambia, "Weka, Baba, ni watoto wanachezea." Akaninyooshea mkono ninyamaze. Alikaa nayo sikioni, macho ameyafumba, hata baada ya kukatika, mpaka ukaja ule mlio mrefu, naye hajaiweka.

Kisha akasema, "Khalil huyo."

Nikamuuliza amejuaje, na mtu hakusema.

"Alikuwa anapumua. Mtoto yule akivunja kitu alikuwa hakimbii kama wenzake. Husimama nyuma ya mlango, anapumua. Mie namsikia, namngojea atoke. Siku nyengine usiku ulikuwa unaingia."

Wali ulipoa, hakula. Alipokwenda kulala alinigongea mlango, akanituma nikuandikie, na akanitaka nisiongeze neno langu lolote. Basi siongezi.

Anasema amekusikia.

Kheiria